Mtihani wa Mtoto Usiwe Cheo cha Mkubwa

Kila mwaka mwezi wa Septemba unapokaribia, hapa Msata, pale barabara itokayo Bagamoyo inapokutana na ile iendayo Segera, huonekana jambo ambalo abiria wa mabasi ya Tanga na Moshi hupita bila ya kuligeukia. Watoto wa Darasa la Saba hutoka majumbani mwao kabla ya kupambazuka, na hurejea wakati magharibi imekwisha kuingia. Wengine hawarejei kabisa: hulala shuleni, katika kile kinachoitwa kambi, mikeka na magodoro yakitandikwa katika chumba ambacho mchana ni darasa. Wazazi huchanga unga, maharage na ujira wa mpishi. Mwalimu Mkuu hukonda. Afisa Elimu wa Kata hupita kila siku kuuliza hali, kana kwamba mle ndani yumo mgonjwa.

Hatuna ugomvi na bidii, wala na mtoto kuamka mapema. Tunachokihoji ni kile kinachofanyika darasani baada ya mtoto huyo kufika. Katika miezi hiyo hafundishwi jambo jipya hata moja. Mtaala umekwisha kukimbizwa na kumalizwa kabla ya wakati wake, na muda uliobaki ni wa karatasi za miaka iliyopita, mitihani ya majaribio ya kata, ya wilaya na ya mkoa, na mazoezi ya kusiliba. Msomaji asiyekuwa na mtoto shuleni pengine halifahamu neno hili. Kusiliba ni kuikoleza kwa penseli herufi ya jibu alilolichagua mtoto, ili mashine iweze kulisoma. Utaratibu huo wa mashine uliingizwa katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi mwaka 2012, na ni kweli kwamba ulirahisisha mno kazi ya kusahihisha karatasi za mamia ya maelfu ya watoto. Lakini liko somo moja ambalo maswali ya namna hii hulileta shuleni pasipo kuandikwa katika ratiba yoyote, nalo ni somo la kukisia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Swali likiwa na majibu matano ya kuchagua, mtoto asiyeweza kusoma hata jina lake atapata, kwa bahati tupu, jibu moja sahihi katika kila maswali matano. Katika maswali 40 atapata kama manane. Akifundishwa na mwalimu mjanja kuyatupa kwanza majibu mawili yasiyoelekea, atapata kama 13, na bado hajasoma. Ndiyo maana tulihuzunika lakini hatukushangaa sana pale Serikali yenyewe, mwaka 2012, ilipokiri kwamba wamegundulika watoto zaidi ya 5,000 walioingia Kidato cha Kwanza hali hawajui kusoma wala kuandika. Watoto hao walifanya mtihani wao mwaka uliotangulia, kabla ya mashine, kwa hiyo tusiitupie mashine lawama isiyokuwa yake. Maswali ya kuchagua yalikuwapo, na waliofundisha kuyakisia walikuwapo pia. Tunaisifu hatua iliyochukuliwa baadaye ya kurudisha maswali machache ambayo mtoto hulazimika kuyajibu kwa mkono wake mwenyewe. Ni machache, lakini hapo hakuna pa kukisia.

Yafaa tukumbushane tulikotoka. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, aliwaeleza wananchi pasipo kificho kwamba kati ya watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, si zaidi ya 13 wangeweza kupata nafasi ya sekondari. Shule nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa ajili ya hao 13, na waliosalia walitoka wakijiona wameshindwa maisha kabla hawajayaanza. Akaeleza pia kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu wa kukumbuka mambo na kuyatoa anapotakiwa, lakini haupimi fikra zake, tabia yake, wala moyo wake wa kuwatumikia wenziwe. Mwaka 1971 tukajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza letu la Mitihani la Tanzania. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikikutana Musoma, ikaazimiwa elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo 1977. Kutokana na azimio hilo hilo, kazi za kila siku za mwanafunzi wa sekondari zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, badala ya kuikabidhi hatima yake kwa siku chache za Novemba.

Wakati ule sababu ya homa ya mtihani ilieleweka. Mlango ulikuwa mwembamba na watu walikuwa wengi. Leo hali ni nyingine. Tangu mpango wa kuendeleza sekondari ulioanza mwaka 2004, karibu kila kata imejengewa shule yake. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa. Katika miaka ya karibuni waliofaulu Darasa la Saba wamekuwa wakipangiwa shule wote. Mlango umepanuliwa mara nyingi kuliko alivyoweza kutumaini yeyote mwaka 1967. Basi kwa nini msukumano uko pale pale, na pengine umezidi?

Jibu letu, na tunaomba viongozi walisikilize bila ya kukasirika, ni kwamba mtihani umebadilishiwa kazi. Zamani ulimpima mtoto ili kumtafutia nafasi. Sasa nafasi ipo, na anayepimwa kwa karatasi ya mtoto ni mtu mzima. Mwalimu Mkuu anapimwa, asije akavuliwa madaraka. Afisa Elimu wa Kata anapimwa mbele ya Afisa Elimu wa Wilaya, Mkurugenzi mbele ya Mkuu wa Wilaya, Wilaya mbele ya Mkoa, na Mkoa mbele ya mikoa mingine. Kila mmoja katika ngazi hiyo anaitegemea penseli ya mtoto wa miaka 13. Na kila anayetishwa kutoka juu hana pa kukitua kitisho hicho ila chini yake, mpaka kimfikie aliye chini ya wote, ambaye ni mtoto mwenyewe.

Sisi wa Chama hatumo nje ya lawama hii. Tunapozitembelea shule na kamati zetu za siasa, swali letu la kwanza kwa Mwalimu Mkuu, na mara nyingi la mwisho, ni hili: mmeshika nafasi ya ngapi? Hatuulizi watoto wangapi wa Darasa la Tatu wanaweza kusoma habari fupi na kuieleza. Kisha asilimia ya ufaulu huandikwa katika taarifa ya utekelezaji wa Ilani, baina ya idadi ya visima na kilomita za barabara, na mkutano hupiga makofi. Tumeyafanya hayo na tunayakiri.

Mwezi Februari 2009 jambo hili lilifikia kiasi cha kuishangaza dunia. Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru askari wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, moja ya sababu zilizotolewa ikiwa ni matokeo mabaya ya mtihani. Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, mwenyeji wa Msoga, jirani zetu hapa, hakusita kumwondoa kiongozi huyo. Viboko vya namna ile havikuonekana tena, lakini tusijidanganye kwamba fikra iliyovizaa nayo iliondoka. Katika baadhi ya halmashauri nchini, shule iliyoshika mkia imepata kukabidhiwa kinyago mbele ya hadhara, iende nacho na kukiweka ofisini. Tungependa kujua ni somo gani ambalo mwalimu atalifundisha vizuri zaidi kesho yake, kinyago kikimtazama.

Mwaka 2013, baada ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa kuanzishwa, kuzipanga shule zote kwa matokeo yao kuliingizwa rasmi katika mikakati ya elimu. Miaka kumi baadaye, mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, likisema kwamba utaratibu huo hauna tija. Jirani zetu wa Kenya nao walipiga marufuku matangazo ya namna hiyo mwaka 2014. Uamuzi wa Baraza ulikuwa wa busara. Hata hivyo Baraza lipo mbali, na jedwali lipo karibu. Vikao vya tathmini vya kata na wilaya bado hufunguliwa kwa orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho, na Mwalimu Mkuu huanza kuitafuta shule yake kutokea chini.

Anayelipa gharama ya orodha hiyo ni mtoto wa Darasa la Kwanza. Tulipata kuingia katika shule moja, ambayo jina lake tunaliacha kwa kuwa ingeweza kuwa shule yoyote baina ya Ruvu na Wami. Walimu wazoefu watatu walikuwa wamekusanywa katika Darasa la Saba lenye watoto wapatao hamsini. Darasa la Kwanza, watoto zaidi ya mia moja, wengi wao wakiwa sakafuni, lilikuwa na mwalimu mmoja, kijana, wa mwaka wake wa kwanza kazini. Tulipomuuliza Mwalimu Mkuu sababu, alitujibu kwa ukweli ambao tunamheshimu kwao: kwamba hakuna aliyepata kuvuliwa madaraka kwa sababu ya Darasa la Kwanza. Nani atamlaumu? Lakini matunda ya mpango wa namna hiyo tulikwisha kuyaona. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani, uligundua kwamba katika kila watoto kumi wa Darasa la Tatu, kama watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Serikali ilishtuka, na mwaka 2015 ikaanza mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa mawili ya mwanzo. Ilikuwa hatua njema sana. Mtaala huo, hata hivyo, unahitaji mwalimu wa kuufundisha, na mwalimu huyo amehamishiwa Darasa la Saba.

Hapa tuombe ruhusa ya kusema neno juu ya kukariri, maana wasomi wengi hulitupia neno hili mawe yote. Tuliolelewa pwani tulisoma chuoni kabla ya kwenda shule, na huko tulikariri. Lakini mwalimu wa chuoni alimsikiliza kila mtoto peke yake. Ulisoma mbele yake, akasikia kila herufi uliyoikosea, akakurudisha, na hukupewa aya ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Mwenzako akikutangulia, akutangulie. Hapakuwa na siku moja ambayo wote walipaswa kuwa mahali pamoja. Mtoto hakuweza kujificha, na mwalimu vile vile. Karatasi ya kusiliba inawaficha wote wawili. Hatusemi kwamba shule ya Serikali igeuke chuo, lakini mwalimu ambaye hajamsikia mwanafunzi wake akisoma kwa sauti tangu mwaka ulipoanza hawezi kusema anamjua.

Liko na jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa la kusikitisha. Somo la Stadi za Kazi zamani halikutahiniwa katika mtihani wa mwisho, na kwa hiyo halikufundishwa. Kipindi chake kilikuwa cha kufyeka majani au kuchota maji ya mwalimu. Pakatafutwa dawa. Likaunganishwa na Maarifa ya Jamii, na tangu mwaka 2021 linatahiniwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Bagamoyo, ambaye bibi yake anasuka ukili barazani, sasa anasiliba kwa penseli jibu sahihi juu ya ususi bila ya kuwahi kushika ukili shuleni. Mtoto wa Kiwangwa, aliyezaliwa katikati ya mananasi, anachagua herufi juu ya kilimo bora. Uraia na Maadili nayo hujibiwa hivyo hivyo, na tunaweza kuwa na kijana mwenye alama ya juu katika maadili ambaye jibu lenyewe alipenyezewa na msimamizi.

Maana huko ndiko tulikofika. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya Darasa la Saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na ya shule nyingine kadhaa nchini, kwa kuvujisha mtihani, na watoto wakaurudia mwezi Oktoba. Mwaka 2022 watahiniwa zaidi ya 2,000 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na vituo 24 vikafungiwa. Katika mambo haya si mtoto aliyeingia usiku katika chumba cha mitihani. Ni watu wazima, wengine wakiwa walimu wake, waliokuwa wakiilinda nafasi yao katika jedwali. Wamemfundisha mtoto, siku yake ya mwisho ya shule ya msingi, kuiba.

Wako watakaotuuliza: je, mnataka mitihani ifutwe? La, hasha. Mtihani wa Taifa una wema mmoja mkubwa ambao maskini hawezi kuusahau. Mtahini haoni jina, huona namba. Hajui kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa mchoma mkaa wa Msata au ya mtoto wa mheshimiwa. Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua hili kuliko sisi, maana wazee wao wanakumbuka shule zilivyokuwa za wachache kabla ya Mapinduzi kutangaza elimu bila ya malipo mwezi Septemba 1964. Ukiuondoa mtihani pasipo kuweka kitu, kitakachobaki ni kujuana. Kwa hiyo tunasema mtihani ubaki, lakini urudi katika kazi yake.

Wala dawa haipatikani kwa kubadilisha kipimo. Mwezi Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani kama sita katika kila kumi, bara na visiwani, walikuwa wamepata sifuri. Waziri wa Elimu wa wakati huo alikuwa ndiye Mbunge wa Bagamoyo, hivyo aibu ile tuliisikia nyumbani. Tume ikaundwa, na mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Ufaulu ukapanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Kisha madaraja yakabadilishwa, ukaja wastani wa pointi, na mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarudi. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba mwenye duka akitengeneza kibaba kidogo, vibaba huongezeka, lakini mchele ni ule ule.

Tunayaandika haya sasa kwa kuwa mabadiliko makubwa yako njiani. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na kumpeleka kila mtoto sekondari kwa miaka minne ya lazima. Walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, pamoja na kaka na dada zao wa Darasa la Saba la mwisho. Januari 2028 vikosi viwili vitaingia Kidato cha Kwanza kwa mara moja, na mtihani wa kuchuja wa Darasa la Saba utakuwa umekwisha.

Wengi wanafurahi kwamba homa nayo itakwisha. Sisi tuna wasiwasi. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne utakuwapo, wa Kidato cha Pili utakuwapo, na mtihani wa Kidato cha Nne utakuwapo. Jedwali likibaki ukutani, kambi zitahamia huko, na siku moja tutawaona watoto wa miaka kumi wakilala darasani kwa sababu ya Darasa la Nne. Visiwani wana uzoefu ambao sisi wa bara hatujauomba. Sera yao ya mwaka 2006 iliweka miaka sita ya skuli ya msingi. Wana Baraza lao la Mitihani tangu 2012, na kwa miaka mingi Kidato cha Pili ndicho kilichokuwa chujio lao. Sote hukutana katika karatasi moja ya Kidato cha Nne. Walimu wa Unguja na Pemba watuandikie, katika ukurasa huu huu, watuambie msukumano ulihamia wapi na nini kilisaidia kuupunguza.

Kwa viongozi wa Wilaya na Mkoa tuna maombi mawili, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho iondolewe katika vikao vya tathmini, na mahali pake kila Mwalimu Mkuu aeleze watoto wake walikuwa wapi mwanzoni mwa mwaka na sasa wako wapi, kila shule ikilinganishwa na nafsi yake. Shule ya Msata mjini na shule ya porini inayopokea watoto wa wafugaji wanaohama na mifugo hazikuanza safari mahali pamoja. Pili, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, kila Mkurugenzi adai jina la mwalimu wa Darasa la Kwanza katika kila shule, na miaka yake ya kazi. Likirudi jina la mgeni aliye peke yake mbele ya watoto mia moja, asiipokee taarifa hiyo.

Nasi wa Chama tutakapofika shuleni mara nyingine, tumekubaliana kuanzia chumba cha watoto wadogo. Tutamwomba mmoja wao atusomee, kisha tutakwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu.